Kosa la Skyler ni kuuliza

Mhariri,

Mtazamaji hamchoki shujaa wa kike hivi hivi; mara nyingi hadithi imepangwa amchoke. Chukua Breaking Bad, tamthilia ya Marekani iliyorushwa kuanzia 2008 hadi 2013. Walter White anapika dawa za kulevya, anaua, anaidanganya familia, na bado alishangiliwa. Mkewe, Skyler, akiuliza alikuwa wapi, anaitwa kero. Chuki ilivuka hadi kwa mwigizaji mwenyewe, Anna Gunn, akaiandikia makala katika New York Times Agosti 2013.

Fundi wa mchezo ni kamera. Mume akifunga mlango, tunatoka naye. Siri tunaijua, saratani yake tunaijua. Mke tunamkuta tena akiwa amesimama, mikono kifuani, anadai maelezo. Swali ni la haki, ila kwa kuwa jibu tunalo sisi, linageuka kizuizi. Mpe dakika mbili peke yake kabla ya ugomvi, akipiga simu isiyopokelewa, na huruma inarudi.

Lakini tusiitwike kamera lawama zote. Mwanamume akitoka nje ya ndoa, husemwa ana msongo wa mawazo (utetezi usiokwisha muda wake!). Skyler alipotembea na bosi wake, Ted, hakuupata utetezi huo. Badilisha majina katika tukio hilo hilo, uone kama hasira inabaki.

Ana makosa, tena makubwa: alisaidia kutakatisha fedha. Ajabu, wanaomchukia huanza na sauti yake, fedha huzitaja mwisho.

Msomaji wako