Draiva ya printa ya risiti, someni kabla ya Jumamosi
Wadau habari za jioni, Jumamosi tunaanza ile draiva ya groff (programu ya kupanga maandishi tayari kwa kuchapwa) kwa printa za risiti za karatasi ya milimita 58, kwa hiyo naomba kila mtu aelewe hili kwanza, groff haijui lugha ya printa yako kabisa. Inapanga maneno ikimaliza inatoa maandishi ya kawaida tu yenye amri fupi fupi, jaribuni groff -Z muone wenyewe, H72000 maana yake sogea mlalo hadi hapo (kwa ps, yaani matokeo ya PostScript, hiyo ni inchi 1), V ni wima, p ukurasa mpya, t andika neno. Draiva inasoma hayo inageuza kuwa nukta, basi. Utaratibu huu alileta Brian Kernighan wa Bell Labs, maana troff (mtangulizi wa groff) ya kwanza ya Joe Ossanna ilifungamana na mashine moja ya chapa, na mimi naona ndio uamuzi bora kuliko yote humo ndani. Kwenye DESC, faili linaloielezea groff printa yetu, tutaweka res 203 (nukta kwa inchi), upana nukta 384. Vipimo vya fonti viangaliwe sana jamani, vikikosewa herufi zinapandana hata kama msimbo wa programu uko safi. Mwenye printa aje nayo na adapta yake.