Barua inabaki nusu nje ya mlango: kwa nini inatokea, na mota inaivutaje mpaka ndani

Wateja wengi wanaotuandikia wanaanza na jambo lilelile, barua zao haziingii zote. Mtu anarudi nyumbani anakuta bahasha inaning'inia kwenye tundu la kupitishia barua mlangoni, nusu iko ndani nusu iko nje, kifuniko kimebaki wazi, na kama mvua ilinyesha basi ile nusu ya nje imeshalowa mpaka wino umechuruzika. Wapo wanaoona ni jambo dogo, si karatasi tu, utaivuta ukifika. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Barua imetoka mbali, imepita mikono kibao na mashine kibao, halafu inakuja kuharibikia kwenye mlango wako mwenyewe kwa sababu ya sentimita chache tu za mwisho. Hizo sentimita ndo kazi yetu: tunatengeneza kifaa chenye mota kinachofungwa nyuma ya tundu na kuivuta barua mpaka ndani.

Angalia kwanza ni nini kinachobaki nje. Mara nyingi ni taarifa ya benki, barua ya hospitali, ya kodi, au kadi mpya ya benki yenyewe. Mpita njia anaivuta kwa vidole viwili na kuondoka nayo, hahitaji kuvunja chochote. Akishapata jina lako kamili, anwani na namba ya akaunti, ana pa kuanzia akitaka kujifanya ni wewe na kuomba mkopo au laini ya simu kwa jina lako. Na hata yule asiyeitaka barua, anaiona. Bahasha iliyokaa pale tangu asubuhi mpaka jioni inamwambia mwizi kwamba humu ndani hakuna mtu. Halafu kuna baridi, maana kifuniko kikishikiliwa wazi na bahasha nene upepo unaingia mchana kutwa na wewe unalipia kupasha joto nyumba yenye tundu.

Watu wanapenda kumlaumu mtu wa posta, lakini kwa kweli lawama nyingi sio zake. Tundu la kisasa lina kifuniko cha nje chenye springi, katikati kuna brashi mbili za kuzuia upepo, na ndani kuna kifuniko kingine nacho kina springi yake. Bahasha laini ikisukumwa kutoka nje inagonga brashi, inajikunja, inakwama. Ili ipite yote lazima mtu aingize vidole mpaka ndani, na hapo kuna springi inayobana na nyuma ya mlango inawezekana kuna mbwa. Hilo la mbwa sio utani, watu wa posta wanang'atwa vidole kweli kupitia matundu ya barua, wengine wanapoteza ncha ya kidole, na Uingereza mahakama ilishaamua kwamba mwenye mbwa anaweza kushtakiwa kwa hilo hata kama wakati linatokea yeye hakuwepo nyumbani. Sasa mtu ana milango mia kadhaa ya kupita siku hiyo, mwambie aingize mkono kwenye kila mmoja. Atasukuma mpaka pale bahasha inapogoma, ataiacha, ataenda. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Tena kuna milango ambayo tundu liko chini kabisa, karibu na ardhi, mtu lazima apige magoti. Kiwango cha Ulaya cha masanduku na matundu ya barua, EN 13724, kinataka tundu liwe kati ya sentimita 70 na 170 kutoka chini, ila milango ya zamani haikungoja kiwango hicho na iko mingi mno.

Kwa wanaopenda historia, haya matundu hayakuwepo siku zote. Zamani Uingereza aliyekuwa analipa ni yule anayepokea barua, kwa hiyo mtu wa posta alilazimika kugonga, kusubiri na kudai hela mlangoni. Mwaka 1840 ulipokuja utaratibu wa Rowland Hill, mtu aliyependekeza mageuzi ya posta huko, wa kulipa peni moja kabla, kwa stempu, sababu ya kusubiri ikaondoka, na kufikia 1849 posta ya huko ilikuwa inawahimiza watu watoboe matundu milangoni. Marekani walichelewa zaidi, kule ilibainika kwamba mtu wa posta alikuwa anapoteza zaidi ya saa moja na nusu kila siku akingoja watu wafungue mlango, na mwaka 1923 ikawa lazima kila nyumba iwe na sanduku au tundu, la sivyo huletewi barua. Yaani tundu lilibuniwa ili kumwokolea muda yule anayeleta. Ndani ya mlango kukoje, bahasha inafikaje mpaka chini, hilo aliachiwa mwenye nyumba.

Kifaa chetu kinakaa hapo, upande wa ndani, nyuma ya tundu. Kwa nje hakuna kinachobadilika, mtu wa posta haoni kitu kipya wala hahitaji kufundishwa. Ndani kuna rola mbili za raba laini, moja juu na moja chini. Ya chini inazungushwa na mota ndogo ya betri, ya juu imebebwa na springi kila upande ili iweze kunyanyuka. Hiyo springi ndo kila kitu, kwa sababu barua hazilingani unene. Karatasi moja ya kawaida ya kuprintia ina unene wa kama milimita 0.1, na papo hapo posta ya Uingereza inakubali kitu cha hadi milimita 25 kama barua kubwa. Rola zikikaa palepale bila kunyanyuka, aidha karatasi nyembamba inateleza katikati bila kushikwa au kifurushi kinene kinagonga na kusimama.

Inafanyaje kazi? Kifaa muda wote kimelala. Kifuniko cha nje kikifunguliwa, sumaku ndogo iliyo kwenye kifuniko inasogea na swichi inakiamsha. Kikishaamka kinawasha mwanga wa infraredi unaokatiza tundu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na bahasha ikiukata ule mwanga mota inaanza kuzunguka polepole. Inavuta mpaka mkia wa bahasha upite na mwanga urudi kuonekana, inazunguka kidogo tena ili bahasha idondoke, halafu inalala. Mtu anauliza kwa nini tusitumie mwanga peke yake, mbona swichi ya sumaku tena. Sababu ni magazeti na katalogi zinazokuja kwenye mfuko wa plastiki angavu, mwanga unapenya ukingoni na sensa inadhani hakuna kitu. Swichi inatuambia kuna jambo limetokea, na kama mwanga haujaona kitu rola zinajizungusha kidogo tu kwa kujaribu. Pia tunaokoa betri sana, maana mwanga unaowaka usiku na mchana ungezimaliza mapema bila faida yoyote.

Na tumefanya ivute polepole makusudi. Bahasha ikinyakuliwa ghafla mkononi mwa mtu anashtuka, na hatutaki mtu yeyote ashtuke kwenye mlango wa mteja wetu. Inavuta taratibu, mtu anahisi bahasha imeshikwa, anaachia.

Kitu ninachojivunia zaidi ni gia. Tumetumia ile ya mtindo wa skrubu inayosukuma gurudumu lenye meno, ambayo mota inaweza kuzungusha rola lakini rola haiwezi kuzungusha mota. Maana yake ni kwamba bahasha ikishashikwa, mtu aliye nje akiivuta kwa nguvu gia haikubali kurudi nyuma, atabaki na kipande cha karatasi mkononi ila barua kwa kiasi kikubwa imebaki kwako. Hapo hapo likaja swali la vidole, na ni swali la haki kabisa. Rola zimewekwa nyuma kiasi, na mbele yake kuna mdomo mwembamba unaopisha bahasha na kuzuia kidole. Mlango wa mbao wa nje kwa kawaida una unene wa milimita 44, kidole cha mtu mzima ni kirefu kuliko hapo, kwa hiyo huwezi kusema mlango wenyewe unatosha kumkinga, lazima kuwe na hicho kizuizi. Zaidi ya hapo mota inapimwa umeme wake muda wote, ikikutana na kitu kigumu umeme unapanda, bodi ya umeme inayoongoza kifaa inaona, mota inasimama na kurudi nyuma kidogo. Inajaribu tena mara chache na ikishindwa inaacha, inawasha taa nyekundu upande wa ndani ili ujue kuna kitu kimekwama. Na raba ni laini, hata kitu kikifika pale kinashikwa tu, hakisagwi.

Sasa niseme pale kisipofaa, maana tunapendelea tukukatalie mapema kuliko tukuuzie kitu kitakachokukera.

Kama unakaa kwenye ghorofa na mlango wako unafungukia korido ya pamoja, kuna uwezekano mkubwa ni mlango wa kuzuia moto. Mlango huo umepimwa mzima mzima, pamoja na bawaba, kitasa na tundu lake, na ukitoboa hata matundu ya skrubu unaweza ukawa umeharibu uwezo wake wa kuzuia moto na moshi. Hapo hatufungi kabisa mpaka mwenye jengo akubali kwa maandishi na fundi wa milango ya moto aangalie. Najua inachosha, lakini majirani zako wanalala nyuma ya mlango huo pia. Na milango ya plastiki au ya fiberi iliyo bado kwenye garantii, soma kwanza karatasi zake, watengenezaji wengi hawataki mtu atoboe. Kwa milango hiyo tuna fremu inayobanwa na skrubu zilezile za kifuniko cha ndani, bila kutoboa kitu kipya.

Kifaa pia hakipanui tundu. Kama tundu lako ni dogo la zamani na unaletewa bahasha za C4, ambazo ni milimita 229 kwa 324, basi upana wa tundu ukiwa chini ya milimita 229 hakuna mota itakayosaidia, bahasha itakunjwa au itaachwa nje. Hapo dawa ni kubadilisha tundu kwanza. Ila usiende upande wa pili ukatoboa kubwa kupita kiasi, maana wezi wanapitisha fimbo yenye ndoano wakaopoa funguo za gari mezani. Viwango vya usalama vya Uingereza vinashauri tundu lisizidi milimita 260 kwa 40 na likae angalau milimita 400 mbali na kitasa ili mkono usifike kwenye loki. Rola na mdomo wetu vinamzuia mtu kuchungulia na kupitisha fimbo kirahisi, lakini funguo usiziache karibu na mlango hata hivyo, ziweke chumba kingine.

Brashi za zamani tunaziondoa. Wengine wanaogopa upepo utaingia, ila rola zikiwa zimekutana pamoja na kifuniko cha nje zinaziba vizuri, na brashi zikibaki zinapigana na mota bure, zinakula betri.

Matunzo ni machache. Betri ni nne za AA, zinapatikana popote, na tunashauri za lithiamu kuliko alkali kama mlango wako unapigwa na baridi kali kwa sababu za alkali zinalegea kwenye baridi. Umeme wa nyumbani hatuupitishi mlangoni, waya kwenye mlango unaofunguliwa na kufungwa kila siku mwishowe unachoka. Rola zipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, vumbi la karatasi likijaa raba inateleza. Usipake mafuta kwenye rola, tafadhali, kuna wanaoona inateleza wakadhani inahitaji mafuta na hapo ndo inaacha kushika kabisa. Na kikapu cha chini, kile kinachopokea barua zikidondoka, kimwage, sababu ya mara nyingi ya taa nyekundu kuwaka ni kikapu kilichojaa mpaka kwenye rola, barua mpya inakosa pa kwenda, mtu anatuandikia mota imekufa kumbe iko nzima.

Ukiwa unasafiri muda mrefu hilo la kikapu lifikirie kabla. Kifaa kitaingiza kila kitu, pamoja na vipeperushi vya matangazo, na kikapu hakina mwisho mwingine zaidi ya kujaa. Tuna kikapu kirefu kinachofika sakafuni kwa ajili hiyo, na ndicho hichohicho tunachowafungia watu wanaotumia kiti cha magurudumu au wenye mgongo mbovu, kwa kukinyanyua na kukiweka usawa wa mkono ili mtu asiiname kuokota barua kwenye zulia. Hao ndo wateja wanaotupigia kutushukuru zaidi, na kwa kweli mwanzoni wazo lenyewe lilikuwa kwa ajili yao.

Ukitaka tukuangalizie mlango wako, tutumie picha ya tundu kwa nje na nyingine kwa ndani, kifuniko kikiwa kimefunguliwa. Pima upana na urefu wa uwazi wenyewe, sio wa kifuniko, kifuniko siku zote ni kikubwa kuliko tundu na watu wengi wanapima hicho. Pima unene wa mlango, na umbali kutoka tundu mpaka kitasa. Angalia kama nyuma ya mlango kuna ukuta au kabati karibu, mlango ukifunguka wote kifaa kisigonge. Na kama una mbwa tuambie ni mkubwa kiasi gani, kwa sababu penye mbwa kikapu cha barua tunakifunga kwa skrubu ndefu zaidi na kinakuwa na mfuniko.