Mwanangu, mwambie shangazi yako ameze dawa

Mwanangu mpendwa,

Shangazi yako ameacha vidonge vya presha tangu rekodi ya mahubiri yako ilipofika kwenye kundi la ukoo. Jumatano nilimpeleka zahanati wakampima: 190 kwa 110. Nesi alipomuuliza kwa nini ameacha dawa, akajibu, "Mwana wa kaka yangu amesema tumeshapona. Nikimeza namwonyesha Mungu kwamba simwamini." Na alisema kwa furaha, mwanangu.

Naandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize.

Rekodi nimeisikiliza yote. Umehubiri vizuri, sauti yako inafika, na wanakwaya wenzangu wameniomba niwatumie. Lakini ulisoma Isaya 53:5, "na kwa kupigwa kwake sisi tumepona," ukaruka moja kwa moja hadi kwenye vidonge vya watu. Habari za kuacha dawa hazimo katika sura ile. Umezitia wewe.

Sisemi huna pa kusimama. Mathayo 8:17 anautaja mstari unaotangulia huo, baada ya Yesu kumponya mama mkwe wa Petro na wagonjwa wengi, kwa hiyo anayesema sura ile haihusu magonjwa hata kidogo naye hajasoma vizuri. Lakini Petro, katika waraka wake wa kwanza 2:24, anautumia mstari wako wenyewe kwa habari ya kufa kwa mambo ya dhambi, akisema na watumishi waliokuwa wakiteswa na mabwana zao bila kosa. Mitume wawili, sura moja, na kila mmoja ameishika kwa upande wake. Wewe ulitangaza kwamba ina maana moja tu na asiyeiona hivyo hana imani. Hapo ndipo uliponiumiza.

Hebu rudi nyuma katika kitabu hicho hicho cha Isaya, sura ya 38. Mfalme Hezekia anaumwa, amelia mbele za Mungu, ameshaahidiwa miaka 15 zaidi. Na bado Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake, naye atapona. Shangazi yako nimemsomea hayo, akanijibu kwamba atakusikiliza wewe. Mimi niliyewafundisha nyote shule ya Jumapili, neno langu halitoshi. Lako ndilo analolitaka. Basi mpigie.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni hiyo misheni ya mwezi ujao. Shangazi yako ananipata mimi wa kumshika mkono hadi zahanati. Huko vijijini mtahubiri, mtapanda gari, mtarudi chuoni. Mtu aliyeacha dawa za kifafa, za sukari, au hizi za kufubaza virusi, kwa sababu ya maneno yako, mnamwacha na nani?

Usikasirike nikitaja Shakahola. Sikufananishi na yeyote wa kule. Lakini mwaka 2023 katika msitu ule wa Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na humo walikuwamo watu wa kusali kama sisi, waliofunga kula hadi kufa wakiamini wanakwenda kumwona Yesu. Ndiyo maana nakuuliza, na nataka jibu: katika ushirika wenu, ni nani anayeweza kukuambia, "Ndugu, hapo hapana," na wewe ukatulia ukasikiliza?

Yule towashi wa Kushi katika Matendo 8 alikuwa msimamizi wa hazina yote ya malkia Kandake, amekaa garini mwake akisoma sura hii hii ya 53 ya Isaya. Filipo alipomuuliza kama anaelewa, mkubwa yule akajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Akamkaribisha mtu wa miguu apande aketi naye. Wewe umejifunza herufi za Kiebrania kwenye intaneti, nami kila mgeni anayeingia hapa namsimulia. Lakini mchungaji aliyekubatiza yuko hapa hapa, ng'ambo ya mto, na Krismasi ulikaa nyumbani wiki nzima bila hata kwenda kumwamkia.

Soma pia Yeremia 28. Hanania, nabii wa uongo, alipomvua Yeremia nira shingoni na kuivunja mbele ya watu wote, akiahidi kwamba nira ya mfalme wa Babeli itavunjwa ndani ya miaka miwili, Yeremia alienda zake. Nabii wa kweli aliondoka bila jibu, mpaka Bwana alipompa neno. Nawe wakikuuliza jambo usilolijua, waambie hulijui, uende ukaulize.

Baba yako anasema nakuvunja moyo. Anasema pia ni mimi niliyekuwa nakusimamisha juu ya benchi ukariri mistari, watu wakipiga makofi, na hakuna aliyewahi kukuuliza maana yake. Sikumjibu.

Ukishaongea na shangazi yako nitumie ujumbe, hata mfupi. Umwambie kwa kinywa chako kwamba kumeza dawa si kumkana Mungu. Mimi nisiwe mkalimani wenu.

Parachichi tumeuza, ila mnunuzi ametoa nusu, nyingine anasema Ijumaa. Akilipa nitakutumia nauli. Upepo umeng'oa bati mbili za jikoni na fundi anataka hela mbele. Mdogo wako sketi ya shule imekuwa fupi, mwalimu ameshamrudisha. Ukija usisahau redio ya baba yako uliyoipeleka kwa fundi huko Dodoma, kila jioni ananiuliza mimi.

Mama yako
Tukuyu