Ahsante, mpiga picha wa bamvua

Ndugu usiyetaka kutajwa, ahsante sana. Huku Dodoma, mbali na bahari, picha zako za bamvua, yaani bahari inapojaa kuliko kawaida mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tunazisoma kama kipimo cha maji yalikofika. Umesimama palepale, ngazi ileile ya zege ikionekana, saa ya simu ikiwa sahihi. Hilo la saa ni kubwa mno: pakiwa na mita 3 kati ya kujaa na kupwa, ukichelewa saa 1 maji yameshashuka karibu sentimita 20, unabaki unapiga picha ya zege lililolowa tu.

Na umeandika upepo! Wengi huuacha, kumbe ukivuma kuelekea nchi kavu husukuma maji juu, kwa hiyo bamvua moja kubwa halithibitishi kuongezeka kwa kina cha bahari. Mwezi ukiandama, tafadhali ipige tena ngazi ile.