SHUKRANI KUTOKA KWA FAMILIA: baba ametuachia gitaa na mchoro mbichi

Bwana Yesu asifiwe, na ndugu zetu Waislamu asalaam aleykum. Mwezi umeshapita tangu tumpumzishe baba yetu. Tulipanga kuandika haya wiki ileile ya msiba tukashindwa, kila tukianza mtu analia simu inawekwa pembeni. Leo nimeambiwa niandike mimi kitinda mimba, eti ndiye mwenye maneno mengi, basi mnivumilie.

Wengi mnajua aliumwa figo, ila stori ya mkono hamuijui. Figo zikishindwa kazi mtu anasafishwa damu kwa mashine, baba ilikuwa mara 3 kwa wiki, masaa 4 kila akilala pale, na ili mashine ipate pa kuingilia madaktari wanaunganisha mishipa miwili ya damu ndani ya mkono. Kwa kawaida wanachagua mkono ambao mtu hautumii sana. Sasa huyu ni mtu anayebana nyuzi za gitaa kwa kushoto na kushika brashi kwa kulia! Daktari akamuuliza mzee mkono gani huutumii sana, akajibu huo sikupewa. Walicheka wote mle ndani. Usiku nyumbani hakucheka mtu, alikaa na gitaa mapajani mpaka saa nane bila kulipiga, asubuhi akasema wekeni kushoto, kuna mchoro wa mama yenu sijaumaliza.

Na kweli vidole vya kushoto vikaanza kuwa vya baridi na ganzi, maana damu ilishapata njia ya mkato haifiki yote huko mbele. Tukadhani muziki ndio basi. Kumbe mzee alilegeza nyuzi 3, wa kwanza, wa 5 na wa 6, kila mmoja sauti moja chini, yaani hata usipobana kitu gitaa linaitika vizuri lenyewe, ukitaka kuhama unalaza kidole kimoja tu juu ya nyuzi zote. Kidole kimoja! Miaka 2 amepiga hivyo na nyie mkicheza mbele yake hakuna aliyejua. Tunamshukuru Mungu kwa ile miaka 2, tulikuwa hatuihesabu kabisa.

Siku 4 za mwisho zilikuwa nzito. Alivimba mikono yote miwili, pete haitoki, hasemi, ila ukimwimbia mguu unagonga taratibu chini ya shuka. Ijumaa alfajiri mguu ukaacha. Kabla hata sisi hatujapigiana simu kuna mtu alishaweka picha yake mtandaoni na mishumaa, dada yetu mkubwa akajulia huko akiwa kazini. Tumeshasamehe, ila jamani jamani.

Halafu likaja suala la bili. Mwili hautoki mpaka deni liishe, na sisi tulikuwa tumeshauza kila cha kuuzika kasoro gitaa. Jumamosi tumekaa kwenye benchi hata hatuongei, wakaja wale vijana aliowafundisha kuchora na kupiga miaka yote ile bila kuwatoza, wengine sasa wana ndevu na watoto, wana begi la gitaa limejaa noti, za zamani, za mikunjo, na sarafu chini. Walishinda mtandaoni usiku kucha kuchangisha. Mama alipiga magoti palepale ukumbini kumshukuru Mungu na mlinzi naye akavua kofia. Wanangu, hatuna cha kuwalipa, Mungu awatunze.

Mpiga besi wake, wewe kwetu ni mtoto wa tumbo moja. Ulilala chini kwenye maboksi wodini zamu zetu zilipotushinda, na ukajifunza ile tyuni yake, yaani zile nyuzi alivyozilegeza, kwa kumsikiliza tu, ndiyo maana siku ya mazishi gitaa lile lililia kama anapiga mwenyewe. Na kijana mwenye gari, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kumpeleka na kumrudisha, hukuchukua hela hata ya mafuta. Umetukataza tusikutaje jina, sawa, lakini Mungu analijua.

Wengine naomba niwataje harakaharaka: madaktari na manesi wa kitengo cha figo (hasa nesi uliyemwacha aimbe mashine ikiwa inazunguka), wote mliochangia damu, mchungaji na kwaya, mashehe mliokuja kukaa nasi, wanabendi wenzake wa zamani na wa sasa, mpiga tumba uliyesafiri usiku kucha, fundi mitambo uliyeleta spika na jenereta bure, walioleta viti na maturubai, akina mama wa jikoni mliokesha, majirani, waliotuma rambirambi kwa simu, waliochimba kaburi, waliosafiri mbali na waliopiga tu simu wakalia nasi bila kusema neno.

Na wewe kaka wa shati jeupe uliyeegemea ule mchoro wa mama sebuleni, tunaomba radhi sana. Rangi za mafuta zikipakwa nene zinakaa hata miezi hazijakauka, tungekutahadharisha ila nani alikuwa na akili siku ile. Hiyo bluu ni ya khanga ya mama. Alama ya kiwiko chako ipo pale, tulijadili kuirekebisha, mama amekataa, anasema iachwe, ni kumbukumbu ya waliokuja.

Tuliowasahau tunawaomba msamaha kwa magoti. Daftari la rambirambi lilinyeshewa, kurasa kama 3 wino umeyeyuka hatusomi majina, kwa hiyo kama hujaona umetajwa popote usiseme familia haina shukrani, jua uko kwenye zile kurasa. Mwenye rekodi yake hata ya simu, hata yenye makelele, atutumie. Studio aliingia mara chache mno.

Mkija kutusalimia gitaa lipo ukutani, pigeni tu, alipenda lipigwe. Ombi letu msilityuni.

Ni sisi, mama, watoto na wajukuu.