Picha ya dawa ndani ya seli si kipimo cha mgonjwa

Kwa Mhariri,

Juma lililopita nahodha mmoja mzee, jirani yangu hapa Langoni, Lamu, aliingia katika duka langu la dawa akiwa na ukurasa wa gazeti lako aliokuwa ameukunja mara nne ndani ya mfuko wa shati. Aliukunjua juu ya kaunta, akaweka kidole kwenye kichwa cha habari kilichotangaza kwamba wataalamu sasa wanaiona dawa ikifanya kazi mwilini, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mtambo huu uko Mombasa, au ni mpaka niende Nairobi?" Ana kisukari, anameza vidonge, na sukari haishuki. Alitaka atazamwe kama dawa yake inafika.

Naomba nafasi nieleze nilichomjibu, maana sidhani kwamba ni yeye peke yake aliyekielewa kichwa kile hivyo.

Mtambo wenyewe ni hadubini inayotumia mwanga wa leza, na kwa kazi hii haimulikwi kwa mtu bali kwa seli hai zilizokuzwa katika kisahani cha maabara. Msingi wake uligunduliwa Kalkuta, India, mwaka 1928 na mwanafizikia C. V. Raman, ambaye miaka saba kabla yake, akisafiri kwa meli katika bahari ya Mediterania, alikataa kuamini kwamba bahari huwa ya buluu kwa kuakisi mbingu tu. (Swali hilo lingefaa kuulizwa na mtu wa Lamu, lakini sisi tumeizoea bahari mno.) Alichokuja kuonyesha ni kwamba mwanga wa rangi moja ukiigonga molekuli, karibu wote hutawanyika na rangi ile ile, ila chembe moja hivi ya mwanga katika kila milioni 10 hutoka na rangi iliyobadilika kidogo, kwa kuwa imeachiana nishati na mtikisiko wa molekuli hiyo. Kila kifungo baina ya atomi kina mtikisiko wake, kwa hiyo mafuta, protini na dawa hutambulikana kila kimoja kwa alama yake.

Faida iliyoachwa nje ya habari yenu, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba dawa haibebeshwi kitu. Njia iliyozoeleka ni kuibandika dawa rangi inayong'aa, na mara nyingi rangi hiyo ina molekuli kubwa kuliko dawa yenyewe. Ni sawa na kumfunga mtoto karabai mgongoni ili umwone anakokwenda usiku: utamwona, lakini hatapita alikokuwa akipita. Kwa njia ya Raman, dawa nyingine huonekana zilivyo. Erlotinibu, inayotibu saratani ya mapafu, ina kwa asili yake kaboni mbili zilizoshikana kwa vifungo vitatu, na mtikisiko wa kifungo hicho huangukia mahali ambapo vitu vya seli yenyewe havitoi alama yoyote.

Mwanga uliobadilika rangi ni hafifu mno, nao ulizifanya picha zichukue muda mrefu, hata mwaka 2008 watafiti wa Harvard walipoonyesha mbinu ya kutumia leza mbili kwa pamoja ili kuuchochea mtikisiko unaotafutwa na kupata picha upesi. Mwaka 2014 mbinu hiyo ilitumiwa kuitazama imatinibu, dawa ya saratani ya damu, na ikaonekana imerundikana ndani ya laisosomu, vile vifuko vyenye asidi ambamo seli husagia taka zake, kwa zaidi ya mara 1,000 ya kiasi kilichowekwa nje. Protini inayolengwa na dawa hiyo haimo ndani ya vifuko hivyo. Kumbe dawa inaweza kuvuka mlango wa seli ikaishia jalalani, na hilo ndilo neno ambalo ningependa wasomaji wenu walipate.

Katika utafiti huo huo iliingizwa klorokwini, ambayo sisi wa pwani tunaijua kwa uchungu wake na ile miwasho iliyotukesha kabla Kenya haijaiondoa kuwa tiba ya kwanza ya malaria mwaka 1998. Nayo hukimbilia penye asidi, na ilibainika kwamba hubadilisha namna imatinibu inavyogawanyika ndani ya seli. Daktari anayechanganya dawa mbili ana haja ya kujua jambo kama hilo, na damu iliyotolewa mkononi haiwezi kumwonyesha.

Hata hivyo, dawa ikiwa kidogo sana hadubini hii haiioni, na mara nyingi watafiti hulazimika kuzimiminia seli kiasi kikubwa kuliko kile kinachofika kwenye seli za mgonjwa. Leza nayo ikizidishwa huziunguza. Kwa hiyo neno "mwilini" katika kichwa chenu halikuwa mahali pake. "Ndani ya seli za maabara" lingetosha, na ninaomba lisahihishwe.

Nahodha nilimwomba aniletee vidonge vyake. Pakiti ya mwezi uliopita ilikuwa bado na vidonge kumi na vinne, kwa kuwa usiku anaolala baharini huiacha nyumbani.

Mwenye duka la dawa,
Langoni, Lamu