Kaka, nitafutie gasketi

Iringa

Kaka Hamisi,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, baridi imeanza kuuma, na mama anakusalimu, bado anadai ile kanga uliyomwahidi. Najua nimekaa kimya. Nawe pia umekaa kimya, kwa hiyo tusilaumiane, tuingie kwenye shida yangu.

Ni Prado. Ile ile ya injini ya dizeli ya 1KZ uliyosema niiuze kabla haijanifilisi. Ukiiwasha asubuhi inagonga tik-tik-tik upande wa manifodi, lile bomba la chuma linalokusanya moshi wa injini, ikishapata moto sauti inapungua mpaka unaisahau. Ndiyo maana kila fundi niliyempelekea mchana hakusikia kitu. Mmoja akasema nozeli za kunyunyizia mafuta. Mwingine akasema tabo, ile feni inayozungushwa na moshi kuisukumia injini hewa, imekufa, na kwa bahati nzuri shemeji yake anauza tabo! Kweli gari limekuwa zito. Mlima Kitonga sasa hata malori yenye mzigo yananipigia honi niwapishe.

Aliyegundua ni yule kijana wa Selemani. Aliingiza upepo kidogo wa kompresa kwenye bomba la eksozi, akaziba kwa matambara, akamwagia maji ya sabuni pale manifodi inapokutana na hedi, yaani kichwa cha injini. Silinda ya nne povu likatutumka kama uji, na chini yake masizi matupu. Gesi ya kuzungusha tabo inatorokea pale, sasa tabo izungushwe na nini?

Tukafungua manifodi. Nati tulizilowesha oili ya kulegeza kutu tangu jioni, bado nyingine ziligoma. Stadi ya mwisho, zile boliti zisizo na kichwa zinazoishikilia manifodi kwenye hedi, ilishakatika zamani, kipande kimebaki ndani, usawa na uso wa hedi. Na hedi yenyewe ni ya aluminiamu, drili ikipinda kidogo tu umenunua hedi. Kijana akaweka nati juu ya kile kisiki, akachomelea kupitia tundu la nati, akangoja wekundu upotee, kisha akaanza kutikisa spana mbele nyuma, mbele nyuma, bila haraka. Kilipotoka Mzee Kipara alipiga makofi.

Manifodi nayo imepinda. Tuliilaza rula ya chuma juu yake, utepe wa kupimia nafasi wa milimita 0.40 ukapita ncha ya nyuma bila kugusa. Wala siishangai: likipanda mlima na mzigo, moto mle unapita nyuzi 600, manifodi inatanuka kivyake, hedi kivyake, wanaoumia ni stadi za pembeni. Inaenda mashineni kusawazishwa. Mzee Kipara yeye anataka tupake silikoni nyekundu tufunge, eti itashika. Itashika mpaka hapo Ipogolo tu! Silikoni ile nyuzi 300 na ushei ndiyo mwisho wake. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Sasa hapo ndipo unapoingia. Gasketi nilizooneshwa huku, za kuziba pale manifodi na hedi zinapokutana, ni za makaratasi, sizitaki. Pita Gerezani, au kwa yule Mpemba wako wa Kariakoo, unichukulie gasketi ya manifodi ya chuma, ile ya tabaka tabaka, na ile inayokaa kati ya manifodi na tabo, halafu stadi na nati zote mpya. Nati za mtumba usizikubali hata akikupa bure. Na aangalie vizuri, asije akakupa za injini ya 1KD, hazifungi. Ile tabo tunairudisha vilevile, haina kosa.

Ningeweza kuvumilia mlima, kaka, ila moshi unaingia ndani. Watoto wanashuka shuleni wanashika vichwa, na mama watoto ameapa hapandi tena. Kwa hiyo familia nzima tuko kwenye bajaji, na gari liko juu ya mawe uani, kuku wamelala chini yake.

Vipi, utaweza kupita huko wiki hii? Nikutumie hela kwanza au tutahesabiana? Mpemba bado anauza kwa bei ya ndugu, au ameshatajirika? Mzigo utaupakia basi la asubuhi au la jioni, nijue saa ya kumsumbua konda? Na ile habari ya kiwanja cha Kibaha imefikia wapi, mbona Selemani anacheka kila nikimuuliza? Shemeji amepona mguu?

Wako,
Baba Neema

Nati usisahau. Mpya.